Mtihani wa Serikali uko na mlango wa pili



Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali, ile tunaitaka Exetat, yakitoka, Likasi nzima inajua bila kuuliza. Kutoka Kikula mpaka Panda unaona vijana wamemwagiwa poda nyeupe kichwani, wenzao wanapiga makelele, mama zao wanacheza barabarani. Kwa familia nyingi za chama chetu siku ile ni ya furaha na ya uchungu pia. Kuko watu wa miaka 30, wa miaka 40, waliofika karibu na mwisho wa sekondari, kisha safari ikawakata. Ukiwauliza wanajibu: «Masomo nilisomaka, lakini diploma haiko.» Wengi wanafikiri mambo yao yaliisha siku walipoacha darasa. Historia ya mtihani huu inaonyesha kwamba haiko vile.

Kabla ya 1967

Wakati wa Wabelgiji, mji wetu ukiitwa bado Jadotville, sekondari kamili ilikuwa ya watu wachache sana. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na kile cha Élisabethville mwaka 1956. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika hata 30. Kisha Katanga ikajitenga mpaka Januari 1963, na sehemu zingine za nchi zikawa na vita zao. Thamani ya karatasi ya mwanafunzi ilifuata sana jina la shule iliyoitoa.

Mwaka 1967 Serikali ikaanzisha mtihani mmoja kwa nchi nzima. Ni mwaka ule ule Union Minière ilitoka mikononi mwa Wabelgiji, ikazaa kampuni iliyoitwa baadaye Gécamines. Wazo lilikuwa rahisi: mtoto wa Shituru, wa Mbandaka na wa Bukavu wajibu maulizo ya namna moja, karatasi zisahihishwe Kinshasa, asiyefika 50 kwa mia asipate diploma. Kwanza kunakuja kazi za kabla, kama insha ya Kifaransa. Kisha siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, luga, na masomo ya opsio. Mwalimu wako hasahihishi karatasi yako, na padri wa shule yako hawezi kukuongezea poenti.

Hatufichi kwamba mtihani huu umepata magonjwa yake. Kuko wenye kuuza majibu, kuko wenye kununua. Lakini nguvu yake ni ile ya mwanzo: unapima mtu mbele ya taifa, haupimi jina la shule yake.

Nchi ilipogawanyika, mtihani ulibaki mmoja

Hapa Likasi tunakumbuka mwaka 1992. Katika miezi ya Agosti na Septemba, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye stasio ya treni wakingoja gari la kwenda Kasai, sehemu wengine hawakuwa wameiona hata siku moja. Watoto walikuwa kati yao, na mwaka wa shule ulikuwa unaanza. Ni wakati ule ule Serikali ilishindwa kulipa walimu, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe. Asiyekuwa na feza alirudishwa nyumbani.

Kisha vita ya 1998 ikakata nchi vipande. Kulikuwa Serikali ya Kinshasa na kulikuwa waasi mashariki, kila upande na askari wake na kodi zake. Lakini pande zote mbili wazazi walitaka diploma ile ile moja, juu ya kuwa diploma ya waasi peke yao haingefungua mlango wowote mbele ya kesho. Mtihani ukabaki kati ya kamba chache zilizoendelea kufunga nchi pamoja.

Ndugu zetu wa Pweto na Moba walivuka wakaenda Zambia, kwenye kambi za Mwange na Kala. UNHCR ilianza kuwarudisha mwaka 2007, na kazi ile ikaisha mwaka 2010. Na hapa mjini penyewe, mwaka 2003 Gécamines iliachisha kazi watu zaidi ya 10,000 katika Katanga. Watoto wao wengi waliacha masomo, wakaenda kuchimba madini kwa mikono. Wale pia ni watu wa karatasi iliyokatwa, hata kama hawakuvuka mpaka wowote.

Mlango wa otodidakti

Sheria inajua watu hawa. Inawaita otodidakti, maana yake mtu aliyejifunza mwenyewe, asiyeandikwa katika shule. Otodidakti anafanya kwanza jaribio la mwanzo, linalopangwa na inspeksio ya elimu miezi kadhaa mbele ya mtihani wenyewe. Akilipita, anaingia pamoja na wafinalisti wengine: insha ile ile, siku nne zile zile, 50 kwa mia ile ile. Diploma anayopata ni Diploma ya Serikali kamili. Chuo kikuu hakina haki ya kuidharau.

Majirani wako na njia zinazofanana. Tanzania, mtu asiyepita sekondari anafanya kwanza Mtihani wa Maarifa, kisha anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Zambia pia watu wazima wanajiandikisha nje ya shule. Hakuna nchi kati ya hizi inayosema kwamba umri ni kosa.

Aliyemaliza darasa la 12 Zambia na kupata cheti asirudie sekondari. Anaomba ekivalansi kwa wizara ya elimu Kinshasa, ili cheti chake kihesabiwe sawa na diploma ya hapa. Watu wengi wamerudi na vyeti vile, wameviweka ndani ya sanduku, wanafanya kazi ya kubeba mizigo.

Kinachokata watu

Katika kazi yetu ya kutembelea familia tunaona kwamba akili si shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni makaratasi. Buletini zilichomwa ao zilipotea njiani. Jina limeandikwa namna tatu: moja kwenye batizo, lingine kwenye karatasi ya UNHCR, lingine kwenye kadi ya kura. Shida ya pili ni feza za kujiandikisha, ambazo zinaombwa zote kwa mara moja. Shida ya tatu ni haya: baba wa watoto watano anaogopa kukaa kwenye benchi na kijana wa miaka 18.

Kwa shida hizi chama kinaweza kitu. Ndugu wanachama, fungueni masanduku. Leteni kila buletini, hata iliyopasuka, hata ya mwaka mmoja. Shule uliyoacha inaweza kuwa bado na kitabu chake cha majina. Tutakwenda kuuliza pamoja. Musipatie mtu feza anayeahidi diploma bila mtihani: karatasi ya uongo inakuja kukamatwa siku unapoihitaji zaidi.

Ndugu wafadhili, daftari na chakula tunashukuru. Lakini feza za kuandikisha otodidakti mmoja, nauli yake, na mwalimu wa hesabu jioni mara mbili kwa juma, ni msaada unaoisha siku mtu amepata diploma yake. Kisha anajisimamia.

Tangu 1967 nchi hii imebadilisha jina, bendera na feza. Mtihani ungali pale. Atakayejiandikisha mwaka huu hatakuwa mtu wa kwanza kuingia kwa mlango ule wa pili, na poda itamwagwa kichwani mwake sawasawa na kwa kijana wa miaka 18.