Kinaa ya Nani? Maisha ya Kiasi, Ndoo ya Maji na Usomaji wa Utubora Mkulima Pwani ya Tanga

Ankara ya maji ikipanda, au bei ya kujaza mtungi wa gesi ikawa gumzo, husikika hoja ileile barazani na kwenye kumbi za semina: dhiki ya nyumba zetu imeletwa na kupenda raha. Wazee wetu, tunaambiwa, waliishi kwa kisima, kuni na koroboi. Wakala wakashiba, wakalea, wala hawakudaiwa na mtu. Anayetaka bomba ndani na gesi jikoni amejitia mwenyewe kitanzi cha mwisho wa mwezi. Hapa Tanga hoja hiyo ina shahidi mkubwa, Shaaban Robert, na ushahidi wake ni riwaya ya Utubora Mkulima. Makala haya yanadai kwamba shahidi huyo ameitwa kwenye kesi isiyo yake.

Juu ya thamani ya kinaa sina ugomvi na mtu. Mafundisho ya dini pwani na siasa ya ujamaa vyote viliona israfu kuwa aibu, na viliona sawa. Swali ninalolishikilia ni jingine: anayekinai ni nani, na anakinai kwa jasho la nani?

Utubora, mhusika mkuu wa riwaya hiyo, anaacha kazi ya mshahara mzuri Unguja, anakwenda Busutamu kushika jembe. Riwaya ilichapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki na mwaka 1 tu baada ya Azimio la Arusha. Naamini wakati huo ndio ulioipa rangi tunayoiona hadi leo, ya wito wa kurudi kijijini na kuridhika na kidogo. Usomaji huo unapita haraka mno mahali penye uzito. Utubora aliwahi kuushika mshahara, akaupa kisogo. Alichokiacha kilikuwa chake mwenyewe. Mwandishi naye, aliyezaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 na akabaki mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30. Sisemi hili kumsuta. Mtu mwenye watoto wa kulisha aliujua uzito wa mshahara, na ndiyo sababu alichokisifu kwa Utubora ni uhuru wa kuamua. Ukosefu hakuusifu.

Hata Azimio lenyewe linanukuliwa nusunusu. Wanaolinukuu wanakumbuka kwamba lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha au mishahara miwili. Wanasahau kwamba lilisema waziwazi kuwa wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12 au 14 kwa siku. Nyerere hakuyaita hayo maisha ya kiasi. Aliyaona ni mzigo uliokaa upande mmoja.

Mzigo huo unapimika, na kipimo kizuri kuliko vyote tunacho katika Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Sera hiyo iliweka kiwango cha huduma vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo cha kuchotea kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Nyumba iliyo ndani ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa imepata maji. Tuichukue nyumba ya watu 6. Inahitaji lita 150 kwa siku. Ndoo ya kawaida ni lita 20, kwa hiyo ni ndoo 7 na nusu, yaani safari 8. Kwenda na kurudi ni mita 800. Safari 8 ni kilomita 6.4 kila siku, na kilomita 3.2 kati ya hizo mchotaji ana kilo 20 juu ya ngata. Bado foleni. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, sawa na ndoo 312 na nusu. Bomba likitoka saa 12 mfululizo bila kukatika, kila ndoo ina dakika 2 na sekunde 18. Maji yakitoka kwa mgawo, foleni inaanza usiku.

Hiyo ndiyo nyumba iliyohudumiwa, kwa mujibu wa sera. Na hizo kilomita 6.4 ni nadra kutembewa na anayeisifu kinaa barazani. Hutembewa na mkewe, binti yake, au msichana wa kazi. Basi bomba likivutwa hadi uani, kinachonunuliwa kwa ankara ni saa za mtu. Kuziita saa hizo anasa ni kusema hazikuwa na mwenyewe.

Nakutana na pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni ya jikoni, na inatoka kwa wanawake wenyewe. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lakini mpishi wa pwani hupika wali wa nazi kwa hatua: tui likishakauka, anapunguza moto chini, anafunika sufuria kwa sinia, anatandaza makaa juu ya sinia, na wali unakomaa taratibu kwa joto la pande mbili. Huko ndiko kupalia. Jiko la gesi lina moto wa chini tu. Nakubali kabisa, wali uliopaliwa una ladha yake, na sioni dhambi nyumba yenye gesi kuwa na jiko dogo la mkaa kwa siku ya wageni. Huko ndiko kuchagua. Mwenye mkaa peke yake hana la kuchagua.

Ya pili ni ya fedha, na ni nzito zaidi. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa kadiri ya kilichopatikana leo. Mtungi unadai fedha za wiki kadhaa kwa mkupuo. Mwenye kipato cha siku kwa siku hakatai gesi kwa kukosa maarifa. Lakini pingamizi hii haimsaidii msifu wa maisha mepesi. Inaidai serikali na wauzaji wamwezeshe mtu kulipa gesi kidogo kidogo, kama anavyolipia umeme wa luku. Haimdai mama wa nyumbani ajifunze kukinai.

Na hesabu ya kwamba kuni ni bure haisimami hapa kwetu. Maji ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Msitu ukikatwa, udongo unaingia bwawani, na anayepika kwa kuni za bure anazilipia bombani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, na deni hilo litalipwa kwa ankara zetu. Huo ni mfuko wa wote. Kuuchangia si ulafi wa raha.

Pengine nimevuta hoja mbali kuliko takwimu zangu, kwa kuwa nimepima maji peke yake. Kuni, kuosha vyombo na kukuna nazi sikuvipima. Kwa maji, hata hivyo, hesabu ni nyepesi na kila ofisa anaweza kuirudia. Naomba wizara inapotangaza asilimia ya waliofikiwa, itangaze pamoja nayo idadi ya safari na jinsia ya mchotaji, na nyumba inayotembea kilomita 6.4 kwa siku iondolewe kwenye orodha ya nyumba zenye maji.