Kusomea upimaji wa macho ukiwa Kisumu

Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huagiza miwani na hutambua dalili za mtoto wa jicho na presha ya macho. Anayehitaji upasuaji humpeleka kwa daktari bingwa.

Shahada yake hufundishwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kilomita 50 hivi kutoka Kisumu. Katika KCSE, kazania biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Kisha omba nafasi kupitia KUCCPS.

Kazi ipo. Baada ya miaka 40, mvuvi wa Dunga huanza kutatizika kutunga uzi wa kushonea wavu. Wengi hununua miwani barabarani. Huenda ikamsaidia, lakini presha ya macho, ambayo mara nyingi hupofusha bila maumivu, hugunduliwa kwa kupimwa tu.