Beetle ilitoka kiwandani bila filta, na bado ikashinda Safari

Wasee wa 64, leo siongelei ekzosi wala rimu. Naongelea kale kamkebe kanakofungwa chini ya injini, kale ambako tukifika kwa fundi tunasema "weka tu yoyote." Mwaka jana nilisema hivyo, na Forester ya kaka yangu ikafa mikononi mwangu. Nitafika hapo. Kwanza historia, kwa sababu ningeijua mapema pengine hiyo gari ingekuwa bado inapanda Iten.

Mwaka ni 1953. Safari inaanza kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. 1954 inashinda Volkswagen Beetle. 1957, Beetle tena. 1962, Beetle tena. Sasa sikia hii: Beetle ya kawaida ya miaka hiyo ilitoka kiwandani bila filta ya oili kama tunayoijua sisi. Ilikuwa na chujio la waya tu, ndugu yake na lile la chai. Oili yake yote ilikuwa lita 2.5 hivi. Kwa hivyo mwenye gari hakuwa na mahali pa kujificha: ukichelewa kubadilisha oili, umeharibu. Kila sevisi chujio linatolewa, linaoshwa, linarudishwa. Uchafu wa injini yako unauona kwa macho yako.

Si ati filta zilikuwa hazijavumbuliwa. 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walishatengeneza Purolator. Lakini filta za kwanza zilichuja sehemu tu ya oili, nyingine ikaendelea kuzunguka na uchafu wake. Baadaye ukaja mfumo wa kupitisha oili yote kwenye filta kabla haijafika kwenye beringi. Poa sana, ila na tatizo jipya: filta ikiziba, injini inakosa oili kabisa. Suluhisho likawa vali ya baipasi. Presha ikipanda kupita kiasi, vali inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Afadhali oili chafu kuliko kukosa oili.

Kisha, miaka ya 1950, ikaja filta ya mkebe. Unafungua, unatupa, unafunga mpya, dakika kumi umemaliza. Kwa maoni yangu hapo tulipata urahisi na tukapoteza kitu. Chujio la Beetle lilikuwa wazi. Mkebe umefungwa. Mtu akitaka kukuuzia uongo, anaufungia ndani ya bati, anapaka rangi, anachapa jina juu. Sheria ya kupambana na bidhaa feki tunayo Kenya tangu 2008, lakini sheria haikai na wewe pale kaunta ukihesabu chapaa.

Sasa tuje kwa Subaru, dini yetu. 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na Vivio, kagari ka injini isiyofika sisi 700. 1997 Colin McRae akashinda na Impreza. 2000 Richard Burns akashinda na Impreza. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, lakini tuliurithi huo wimbo wa injini kutoka kwa mabroo na wajomba. Tulichosahau kurithi ni upande mwingine wa hizo mbio. Gari ya Safari ilikuwa na mafundi wanaoingoja kwenye sevisi, wanaokagua, wanaobadilisha. Sisi tulichukua kelele, tukawaachia wao makanika.

Kaka yangu aliniachia Forester yake ya turbo miezi mitatu. (Turbo ya injini, si Turbo ya njia ya Webuye.) Niliitumia kushuti video, kupanda na kushuka Kerio. Oili ilifaa kubadilishwa kwa kilomita 5,000. Mimi nikafika 9,000. Nilipoenda hatimaye, nikachagua filta ya bei ya chini kabisa kwenye rafu, nikajisifu kwa kuokoa kama elfu moja. Wiki sita baadaye injini ikaanza kugonga. Beringi za konrodi zilikuwa zimeisha.

Fundi aliikata ile filta kwa msumeno mbele yangu. Karatasi ilikuwa nyembamba, mikunjo michache, gundi imeachia upande mmoja. Ule mpira unaozuia oili kurudi chini gari ikizimwa haukuwepo kabisa. Sisemi filta peke yake iliua. Zile kilomita 4,000 za ziada ni zangu. Lakini feki haikunisamehe.

Kwa hivyo ukichagua, chagua ukiwa na hiyo historia kichwani.

Moja, kufunga si kufaa. Filta inaweza kuingia kwenye nyuzi vizuri na bado isiwe ya injini yako. Filta orijino ya hizi injini za zamani za Subaru, baipasi yake hufunguka kwenye presha kama psi 23. Nyingi za kawaida hufunguka chini ya hapo. Asubuhi ya Eldoret, mita 2,100 juu ya bahari, oili ni baridi na nzito. Vali ikifunguka mapema, oili inapita bila kuchujwa. Umelipia filta inayopumzika.

Mbili, turbo haina subira. Shafti yake inaelea juu ya oili safi. Na baadhi ya hizi Subaru za turbo zina kachujio kengine kadogo kwenye bolti ya bomba la oili la turbo. Kakiziba, turbo inakauka. Mwambie fundi akaangalie.

Tatu, nunua kwa namba ya spea ya gari yako, si kwa rangi ya boksi, na udai risiti.

Nne, ya zamani usitupe. Ikate, tandaza karatasi, iangalie juani. Ukiona vipande vinavyong'aa, hiyo ni injini inakuongelesha. Hivi ndivyo unavyopata tena lile chujio la wazi la Beetle.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani, kila kitu ninachofanya huonekana kamari, na ile injini ikawa ushahidi wao. Kaka hakunipigia kelele. Alisema tu, "Ulikuwa na muda wa kuishuti, ukakosa muda wa kuiangalia." Nalipa injini ya eksi-Japani pole pole, kila mwezi kitu kidogo.

Ile filta iliyokatwa iko mezani kwangu, kando ya kamera. Gari ya kasi si ile inayosikika kutoka Langas hadi Kapsoya. Ni ile inayowaka kesho asubuhi.