Dakika Tano za Hatari Ini Jipya Linapopokea Damu

Leo tuzungumzie upasuaji wa kubadilisha ini. Wengi hudhani kazi ngumu ni kulishona ini jipya. Kumbe damu ndiyo iliyowahangaisha madaktari miaka mingi.

Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, Dkt. Thomas Starzl alijaribu kumpa mtoto wa miaka mitatu ini la mtu mwingine. Mtoto alivuja damu hadi akafia mezani. Kumbuka, ini ndilo hutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na lake lilikuwa bovu. Waliofuata hapo Denver mwaka huo hawakumaliza mwezi. Ili ini litolewe, mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni ulifungwa, damu ikapitishwa kwenye mipira ya plastiki. Iliganda humo, na madonge yakasafiri hadi mapafuni. Starzl akasimamisha kazi. Aliporudi mwaka wa 1967, msichana wa miezi 19 aliishi zaidi ya mwaka mmoja.

Mapema miaka ya 1980, huko Pittsburgh, pampu ilianza kusaidia damu kurudi kwenye moyo. Lakini mwaka wa 1987 madaktari wa huko walieleza hatari nyingine. Ndani ya dakika tano baada ya damu kufunguliwa iingie ini jipya, presha ya baadhi ya wagonjwa hushuka kwa zaidi ya asilimia 30, kwa dakika moja au zaidi.

Kwa nini? Ini hilo limetoka kwenye barafu. Damu inayolipitia hutoka baridi, ina asidi na potasiamu nyingi, nayo huenda moja kwa moja kwenye moyo. Moyo hupiga polepole, hata kusimama.

Tena, umewahi kuchomwa na mwiba, kidole kikavimba na kuwa cha moto? Ndivyo mwili unavyojibu jeraha. Ini lililokosa oksijeni likiipata tena, askari wa kinga walio ndani yake humwaga kemikali zinazolegeza mishipa mwili mzima. Figo nazo huumia.

Ndiyo maana ini huoshwa kwanza, na dawa za kuinua presha huwekwa karibu. Mwaka wa 2013, jijini London, ini liliwekwa kwenye mashine na kupitishiwa damu yenye joto la mwili kabla ya kupandikizwa, badala ya kukaa kwenye barafu.