Mtu Ndiye Lori: Mpaka wa Busia na Malaba Wakati wa Korona

Tarehe 23 Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu, ikaacha mizigo ipite. Nchi jirani kadhaa nazo zilichukua mkondo huohuo kwa namna zao, na sababu yake ilieleweka. Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hutegemea, kwa viwango tofauti, bidhaa zinazoshushwa Mombasa na kuvushwa Malaba na Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Mafuta yasipopita, Kampala hukosa petroli. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetaka malori yasimame.

Lakini amri ile ilisimama juu ya dhana moja ambayo haikuchunguzwa na yeyote: kwamba mzigo na mtu ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Kwa lori ni kweli. Kontena hufungwa lakiri Mombasa, dereva akapimwa, taniboi akabaki nyumbani, na safari ikaendelea. Kwa mama anayevuka Busia asubuhi na beseni la omena kichwani, akarudi mchana na nyanya au trei za mayai, hakuna cha kutenganisha. Yeye ndiye lori, yeye ndiye dereva, yeye ndiye wakala wa forodha. Ukisema mzigo upite na mtu abaki, umemwambia abaki na mzigo wake.

Makala haya yanadai kwamba serikali ya Kenya iliweka hatua za mpakani kwenye faili la afya na hatua za kuokoa biashara kwenye faili la uchumi, na mafaili hayo mawili hayakukutana popote. Busia yalikutana ndani ya mtu mmoja. Kufungwa kwa mpaka ndiko kulikokuwa sera kubwa kuliko zote za kiuchumi iliyomgusa mchuuzi wa pale, nayo ilikuja bila fidia.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili lazima mtu ajue mji wenyewe. Mpaka huu umetokana na uamuzi wa kikoloni wa 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande wa himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wateso, Wasamia na jamaa zao wakajikuta wana mashamba huku na wakwe kule. Biashara ya kuvuka haikuwa ujanja wa mjini, ilikuwa mwendelezo wa maisha. Hata neno bodaboda, ambalo leo linatumika hadi Dar es Salaam, husemwa lilizaliwa hapa, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wawavushe kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Wapo pia wanaume wa baiskeli za magurudumu matatu, zinazoendeshwa kwa mikono. Ni watu wenye ulemavu wa miguu ambao kwa miaka mingi wamebeba mizigo ya wafanyabiashara kuvuka Busia. Wanaanthropolojia Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda wameandika juu yao, jinsi baiskeli hizo zilivyowapa kazi, jina na kipato mahali ambapo jamii nyingine ingewapa sadaka tu. Hebu mtazame mmoja wao: magunia yamepangwa nyuma ya kiti hadi kupita kichwa, mikono yake miwili inazungusha pedeli iliyo mbele ya kifua, na kijana anasukuma kwa nyuma kwenye mwinuko. Katika amri ya Machi 2020 mtu huyu ni abiria au ni chombo cha mizigo? Swali hili si la mzaha. Jibu lake ndilo lililoamua kama familia itakula.

Sasa tugeukie faili la pili. Tarehe 25 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu za kodi, na Bunge likazipitisha mwezi uliofuata. Kodi ya makampuni ilishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, VAT kutoka 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mapato. Ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo ulipunguzwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Benki Kuu nayo ikashusha riba yake ya msingi. Mwezi Mei ukaja mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kufufua uchumi, na mwishoni mwa mwaka mpango wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo kupitia mabenki.

Kila hatua hapo ilikuwa na maana yake, na mtu mwadilifu hawezi kusema serikali ililala. Lakini zipitie ukimfikiria yule mama wa omena. Ushuru wa mauzo uliwahusu wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 50 kwa mwaka. Anayeuza chini ya shilingi 2,700 hivi kwa siku alikuwa nje ya kiwango hicho, kwa hiyo punguzo hilo halikumgusa. Hana mshahara wa kusamehewa kodi. Mtaji wake umetoka kwenye chama cha wanawake wenzake, si benki, hivyo riba ya Benki Kuu haikumfikia. Mpango wa ajira wa Kazi Mtaani ulikuwa wa vijana, na fedha za mpango wa Inua Jamii ni za wazee, yatima na wenye ulemavu mkubwa. Mama wa miaka 45 mwenye afya na watoto wanne alipita katikati ya nyavu zote.

Nafuu moja tu ilimfikia bila kumuuliza cheti: kuondolewa kwa ada ya kutuma pesa kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, iliyoanza katikati ya Machi 2020. Ilimfikia kwa sababu haikupitia kwenye daftari la walipa kodi wala kwenye kaunta ya benki, ilipitia mahali ambapo biashara yake tayari ilikuwa. Hapo pana somo ambalo wapangaji wetu hawajalifanyia kazi.

Atasema msomaji kwamba hatari ilikuwa ya kweli, nami nakubali kabisa. Sehemu kubwa ya maambukizi ya mwanzo yaliyopatikana Uganda ilitokana na madereva wa masafa marefu, na maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia, ilizidiwa na sampuli zao. Foleni ya Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Madereva walilala chini ya matela yao siku nyingi wakisubiri majibu, wakipika kando ya barabara, wakitukanwa na wenyeji waliowaona kama ugonjwa wenyewe. Walidhulumika, na hilo lisemwe wazi.

Hata hivyo, angalia jinsi dhuluma yao ilivyoshughulikiwa. Marais wa nchi kadhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa njia ya video tarehe 12 Mei 2020, na suala la madereva lilikuwa mezani. Mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia dereva na mzigo wake ukaundwa. Uganda ilipodai Januari 2022 kila dereva apimwe upya kwa ada ya dola 30, madereva waligoma, petroli ikaadimika Kampala, na ada ikaondolewa. Lori lina sauti kwa sababu likisimama, mji mkuu unasikia. Mama wa beseni akisimama, wanaosikia ni watoto wake peke yao.

Wala kumfungia hakukumsimamisha. Kulimhamisha. Njia za panya zipo kutoka Mto Malaba hadi Mto Sio, na walioshindwa kupita getini walipita huko alfajiri, wakilipa vijana wa kuwaongoza, wakiogopa polisi wa pande mbili, bila maji ya kunawa wala mtu wa kuwapima joto. Kiafya ilikuwa hasara juu ya hasara, kwa kuwa serikali ilibadilisha mvukaji anayeonekana kwa mvukaji asiyeonekana. Wengine waliungana, wakakodi lori moja, wakaagiza bidhaa kwa simu. Ilisaidia, lakini kwa gharama: mchuuzi hakuchagua nyanya kwa mkono wake, alilipia sehemu ya lori, na aliyekuwa na lori ndiye aliyepanga bei. Aliyekuwa mfanyabiashara akawa mteja.

Je, serikali ingewezaje kumjua ili imlipe? Hii ndiyo hoja inayotolewa kila mara, kwamba sekta isiyo rasmi haina orodha. Mpakani orodha ipo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale kituoni. Cheti kina jina, bidhaa, thamani na tarehe. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina wanachama wao. Mtu aliyejaza cheti hicho mara kumi kabla ya Machi 2020 ameshaieleza serikali kazi yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Kumtumia fidia kwa simu, wiki kwa wiki kadiri geti lilivyofungwa, kusingehitaji teknolojia ambayo hatukuwa nayo.

Fidia hiyo ingekuwa pia silaha ya afya. Mama aliyelipwa abaki nyumbani hana sababu ya kumlipa kijana amvushe mtoni. Juni 2021 kirusi cha aina ya Delta kilipoenea, Busia ikawekwa miongoni mwa kaunti 13 zenye kafyu ya kuanzia saa moja jioni, na siku zilezile Uganda ikajifungia siku 42. Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita tangu amri ya kwanza, na kwa mchuuzi wa mpakani mafaili yale mawili yalikuwa bado yamelala kwenye ofisi tofauti.

Mwishoni mwa Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpox nchini Kenya kilipatikana kwenye kituo cha mpaka cha Taveta, kwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Mipaka haikufungwa safari hiyo. Itakapolazimu kufungwa, amri itakayoandikwa iwe na aya mbili katika ukurasa mmoja: ya kwanza iseme nani hapiti, ya pili iseme atalipwa kiasi gani, kuanzia siku ipi, kwa jina lililoko kwenye cheti chake.