Kihisi Mwendo: Taa Inajua Nini?

Ingia duka la vifaa vya stima mjini Malindi au Kilifi, omba "taa ya sensa", na huenda ukapewa kimoja kati ya vitu vitatu. Kuna balbu inayowaka yenyewe giza likiingia na kuzimika kukipambazuka. Kuna taa inayowaka mtu akipita karibu nayo, kisha ikazimika baada ya dakika moja au mbili. Na kuna taa ya sola ya ukutani inayofanya yote mawili: mchana imelala, usiku inangoja mpita njia. Zote zinaitwa sensa, na kila moja ina mahali pake. Shida huanza nyumbani. Balbu ya kwanza ikifungwa katika stoo isiyo na dirisha, itashinda na kukesha ikiwaka, maana kwa hesabu yake humo ndani hakujapata kucha. Mwenye nyumba aliyetaka kupunguza bili ameiongeza, kwa sababu jina alilonunulia halikumwambia kifaa hicho kinaangalia nini.

Sensa, kwa Mswahili, ni hesabu ya watu, kama ile iliyofanyika Kenya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Hakuna atakayechanganya karani wa sensa na balbu, kwa hiyo mgongano wa maneno si hoja kubwa. Hoja ni kwamba sensa ya dukani haielezi chochote. Neno ambalo waandishi wa sayansi wamelizoea ni kihisi, kutokana na kitenzi kuhisi. Limeundwa kwa njia iliyotupatia kipaza sauti, kinasa sauti na kipimajoto: kiambishi ki-, kitenzi, halafu kile kinachotendwa. Tazama kwamba katika majina hayo hakuna lililokatwa njiani. Hatusemi "kipima" tukanyamaza, maana msikilizaji atauliza, kipima nini? Kihisi nacho kidai jina lake la pili. Kihisi mwendo. Kihisi nuru. Mnunuzi akilizoea hilo jina la pili, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

Wako wanaopendelea kitambuzi, na wako wanaosema kigunduzi. Kigunduzi kimeshika vizuri kwenye moshi na gesi, mambo yanayotokea ghafla na kuhitaji king'ora. Kitambuzi kina dai kubwa zaidi. Kutambua ni kujua huyu ni nani au hiki ni nini, na jina hilo lingefaa mashine inayosoma alama za vidole au sura ya mtu mlangoni. Kifaa kidogo cheupe kwenye dari ya korido hakimjui mtu. Kinahisi tu, na hata kuhisi kwenyewe kuna mipaka.

Mipaka hiyo inaonekana ukikifungua. Kifuniko chake cha plastiki ya maziwamaziwa kina vijisehemu vingi vilivyopindwa, kila kimoja kikielekeza joto la pembe yake ya chumba kwenye kipande kidogo kilicho ndani. Kipande hicho kina nusu mbili. Chumba kikitulia, nusu zote hupokea joto sawa na hakuna kinachotokea. Mtu akikatiza kutoka pembe moja hadi nyingine, joto la mwili wake huangukia nusu moja kabla ya nyenzake. Tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Ndiyo maana kifaa humwona upesi anayekatiza mbele yake, na humchelewea anayekijia moja kwa moja. Fundi anayelijua hilo hakiweki mwisho wa korido kikitazama wanaokuja, bali juu ya mlango ambapo kila aingiaye atalazimika kukatiza. Tena hakitegemei kuona kupitia kioo, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia joto la mwili lisifike.

Kwa hiyo jina "kihisi uwepo", ambalo baadhi ya wafasiri hulitumia, linaahidi kisichotimizwa. Karani anayelinganisha stakabadhi bila kuinua kichwa yupo, lakini taa itamzimikia, naye atapunga mkono hewani kama anayefukuza nzi. Kilichokosekana si uwepo wake, ni mwendo. Tukiita kifaa kihisi mwendo, msimamizi wa jengo ataelewa bila kufundishwa kwamba kinafaa koridoni, ngazini, msalani na stoo, mahali ambapo watu hupita, na kwamba katika chumba cha kusomea kitaleta manung'uniko. Kikilazimika kuwekwa huko, basi muda wake wa kungoja urefushwe.

Pwani yetu inaongeza jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia haraka. Kihisi cha aina hii hutegemea tofauti kati ya joto la mtu na la vitu vilivyo nyuma yake. Ngozi ya binadamu iliyofunikwa kidogo iko karibu nyuzi 33 au 34. Ndani ya chumba cha paa la mabati, mchana wa kaskazi, ukuta na hewa vinaweza kufikia hapo hapo, na mtu akawa kama amefutika. Kifaa kilichofanya kazi vizuri wakati wa kusi, upepo ukiwa na ubaridi, kinaanza kususa mwezi wa pili au wa tatu. Kabla ya kukirudisha dukani ukidai kimeharibika, tazama kinasusa saa ngapi.

Dawa ya udhaifu huo ni aina nyingine, ile inayotoa mawimbi ya redio na kusikiliza yanavyorudi. Nayo ni kihisi mwendo, ila haijali joto. Ubaya wake ni kuona kupita kiasi. Mawimbi hupenya kioo, mbao na kuta nyembamba, hivyo taa ya msalani huwaka kwa mgeni anayepita nje, na pazia linalopeperushwa na upepo wa bahari huhesabiwa kuwa mtu. Kwa maagizo ya kazi ningependekeza kihisi mwendo cha joto na kihisi mwendo cha mawimbi. Ni majina marefu kidogo, lakini kila moja limebeba onyo lake.

Tuje kwa kihisi nuru, ambacho mafundi wengi hukiita fotoseli. Hiki hakijali mtu kabisa, kinapima mwangaza. Kwenye taa za uani na za ukuta wa nje ni mtumishi mwaminifu, mradi kisiwekwe mahali kinapomulikwa na taa yake mwenyewe. Kikimulikwa, kitadhani kumekucha, kitaizima, kitaona giza, kitaiwasha tena, na mchezo huo utaendelea hadi asubuhi.

Ndani ya majengo, kihisi nuru kina kazi ya ufundi zaidi: kupunguza mwanga wa taa zilizo karibu na dirisha kadiri jua linavyoleta wake. Wataalamu wa Ulaya na Marekani huuita mtindo huu mavuno ya nuru ya mchana, na wepesi wa kutafsiri ungetupatia "uvunaji wa nuru". Tusikimbilie huko. Katika Kilifi, kuvuna maji ya mvua ni kuyakinga kwa gata na kuyaweka tangini yatumike baadaye. Na nuru inayovunwa kweli ni ile inayoangukia paneli za Langobaya, magharibi ya mji wa Malindi, ambako kituo cha sola cha megawati 52 kilianza kazi mwaka 2021. Kihisi nuru cha ofisini hakihifadhi wala hakizalishi kitu. Kinachotokea ni kwamba jua hutangulia na taa ikajaliza pengo lililobaki. Kwa hiyo napendekeza ujalizaji nuru. Kitenzi kujaliza tunacho, na jina hilo linamkumbusha msanifu kwamba ujalizaji hauna maana pasipo dirisha zuri.

Dirisha zuri pwani, nalo, si dirisha kubwa. Waliojenga kwa mawe ya matumbawe walijua kwamba mwanga na joto huingia mlango mmoja. Waliweka kuta nene, matundu madogo, na kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati ya nyumba ili mwanga uingie ukiwa umekwisha kugonga ukuta wa chokaa na kupoteza ukali. Jengo jipya lenye vioo vitupu upande wa magharibi huzima taa za wati chache na kuwasha kiyoyozi kinachokula wati elfu na zaidi. Hapo hakuna kihisi kitakachookoa bili.

Baada ya kihisi mwendo na kihisi nuru, kifaa cha tatu hakihisi chochote, kwa hiyo tusikiite kihisi. Ni swichi ya saa. Mjini London jua huzama kabla ya saa 10 jioni mwezi wa Desemba, na baada ya saa 3 usiku mwezi wa Juni, kwa hiyo swichi ya saa huko ni lazima irekebishwe kila mara au ijue kalenda. Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:40 jioni, tofauti ya nusu saa tu. Lugha yenyewe imehesabu saa zake kwa jua hilo. Swichi ya saa iliyotegwa kuwasha saa 12:30 jioni na kuzima saa 12:00 asubuhi itafaa Januari hadi Desemba, na bei yake ni ndogo.

Ina adui mmoja, kukatika kwa stima. Ile ya kisahani kinachozunguka husimama umeme ukipotea, kisha huendelea ilipoachia. Stima ikikatika kwa saa 3, kuanzia siku hiyo taa za nje zitawaka saa 3:30 usiku na kuzimika saa 3:00 asubuhi, jua likiwa kali. Mwenye jengo aombe swichi ya saa yenye betri ya akiba, na neno akiba liandikwe kwenye oda.

Sasa hesabu, maana kuokoa ni hesabu. Chukua korido ya hoteli yenye taa 20. Zikiwa mirija ya zamani inayokula wati 45 pamoja na choki yake, ni wati 900, na kwa saa 12 za usiku ni yuniti 10.8. Zikibadilishwa kuwa za LED za wati 18, zinashuka hadi yuniti 4.32. Kihisi mwendo kikizizima nusu ya usiku, zinabaki 2.16. Hatua ya kwanza ndiyo iliyookoa nyingi, kwa hiyo balbu zitangulie, vihisi vifuate. Kwa mwaka, hiyo hatua ya pili bado inaleta yuniti zaidi ya 780, si haba. Lakini chukua stoo ya balbu moja ya wati 9 inayosahauliwa saa 5 kila siku. Hasara yake ni yuniti 16 kwa mwaka, na kihisi kinachokula nusu wati mchana na usiku kitakula zaidi ya yuniti 4 chenyewe. Hapo swichi ya kawaida na mazoea mema vinatosha.

Katika vyumba vyenye mwanga wa jua, kuna mpango unaoshinda ule wa kuwasha na kuzima: mtu huwasha kwa mkono, kifaa huzima akiondoka. Mara nyingi mtu akiingia mchana hukuta kunaonekana vizuri, asiguse swichi kabisa. Kifaa cha kuwasha kingemwashia bure. Kifaa cha mpango huo kiitwe kihisi cha kuzima tu.

Kuna mahali ambapo vifaa hivi vinaokoa zaidi ya stima. Ufukweni Watamu kasa hutaga, na watoto wao wakitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwangaza, ambao kwa maumbile ni bahari. Taa za hoteli na majumba zikiwaka kuelekea ufuoni, huwavuta nchi kavu wakafa. Shirika la Local Ocean Conservation limelinda viota huko kwa miaka mingi. Taa ya upande huo ifunikwe imulike chini, iwe ya rangi ya kaharabu, na iongozwe na kihisi mwendo ili isikeshe.

Wakenya si wageni wa kubuni majina ya taa. Zile za nguzo ndefu tumeziita mulika mwizi, na hakuna kamati iliyokaa. Jina jema hung'ara gizani. Ila mulika mwizi ni jina la lengo, nalo latosha barabarani. Kwenye oda tunahitaji jina la utendaji. Kanuni za Kenya za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliyataka majengo yaliyotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka, yaani wastani wa 15,000 kwa mwezi, yafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3. Hoteli kubwa hufika hapo. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na anayepanda ngazi kutega kifaa huzungumza Kiswahili. Kati ya wawili hao, "weka sensa" haitoshi. Andika: korido, kihisi mwendo cha joto, juu ya mlango, dakika 5. Ofisi ya mashariki, kihisi cha kuzima tu, dakika 20. Ukuta wa nje, swichi ya saa yenye akiba, saa 12:30 jioni hadi saa 12:00 asubuhi. Fundi akisoma hivyo hana haja ya kupiga simu kuuliza.