Wazee wa magari ya kulala na barabara ya Tunduma

Ukikaa pale Tunduma miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, katikati ya foleni ya malori utaona gari ambalo halikubeba shaba wala mafuta. Juu ya paa lina hema lililokunjwa. Nyuma kuna jiko la gesi, friji ndogo na madumu ya maji. Mbele wamekaa wazee wawili, bibi na bwana, mmoja kashika usukani na mwingine kashika ramani. Mara nyingi namba ya gari inaishia na herufi GP, yaani Gauteng, Afrika Kusini. Mengine ni ya Ujerumani au Uswisi. Hao ni wastaafu. Wamefunga nyumba zao, wameaga wajukuu, na wanaelekea Nairobi, wengine hadi Cairo, bila haraka ya mtu yeyote.

Wabadilisha fedha huwazunguka kwa dakika chache, kisha wanawaacha maana wazee hawa hawana manunuzi makubwa. Wanalala ndani ya gari, wanapika wenyewe. Watapita Vwawa, watakata kona kwenda kukiona kile Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani na kuandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1930, watapiga picha, kisha Mbeya. Basi.

Hakuna ubaya wowote. Ila safari hii ya mzee na mkewe ina historia ambayo sijaona ikisimuliwa sana, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa hapa kwetu.

Tuanze mbali kidogo. Miaka ya 1880 tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ichongwe njia ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Njia hiyo haikukamilika kama alivyotaka, lakini Waingereza waliing'ang'ania. Mkataba wao na Wajerumani wa Julai 1, 1890 ulipogawa nchi, mpaka ukafuata Mto Songwe, ukapinda kuelekea Ziwa Tanganyika, na Barabara ya Stevenson ikabaki upande wa Mwingereza. Ndiyo maana leo mtu anaweza kunywa chai Tunduma na kununua sukari Nakonde kabla chai haijapoa. Mkoa wenyewe wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unaitwa kwa jina la mto huo huo.

Wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari alikuwa askari wa Kijerumani, Paul Graetz. Aliondoka Dar es Salaam Agosti 1907, akafika Swakopmund, pwani ya Namibia, Mei 1909. Siku 630! Kisha wakaja mke na mume, Meja Chaplin Court Treatt na bibi Stella. Waliondoka Cape Town Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, wakapita Rhodesia na Tanganyika, wakaingia Cairo Januari 1926. Miezi kumi na sita. Stella akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Hawakuwa wastaafu, walikuwa bado vijana, lakini hawa ndio mababu wa wazee wa leo: mke na mume, gari na ramani. Tofauti ni kwamba barabara haikuwepo. Magari yao yalivutwa matopeni na nguvu za Waafrika ambao hawajulikani hata kwa majina.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote.

Novemba 11, 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa Wazungu wachache Rhodesia. Uingereza ikaweka vikwazo vya mafuta, Smith naye akaibana Zambia iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia kwake. Nchi iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru ikabaki haina petroli. Ndege zikaanza kubeba mapipa angani, jambo la gharama ya ajabu. Njia nyingine ilikuwa barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na bado Zambia yote iko mbele.

Malori yakamiminika. Yalipanda na mapipa ya mafuta, yakashuka na shaba. Kiangazi vumbi lilifunga macho hata mchana, masika ilikuwa tope na mitelezo, na milima ya Kitonga unaijua. Magari yalipinduka na mengine yakawaka moto, maana mzigo ni petroli. Madereva wengi walikufa. Waingereza wakaiita barabara hiyo kwa jina lenye maana ya mbio za jehanamu, na sioni kama walitia chumvi. Mwaka 1966 Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya malori. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kupeleka mafuta hadi Ndola. Miaka ya mwanzo ya 1970 lami ikakamilika. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa na Wachina na vijana wetu mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi 1976.

Lami hiyo, jamani, haikuwekwa kwa ajili ya mtalii. Iliwekwa ili nchi moja huru isipigishwe magoti na majirani zake.

Na wakati huo mzee wa Johannesburg mwenye gari lake la kulala hakuweza kupita Tunduma. Tanzania haikuwa na uhusiano na serikali ya makaburu, na pasipoti ya Afrika Kusini haikuwa na kazi kwetu. Hata msafiri wa Ulaya aliyekuwa na mhuri wa Afrika Kusini kwenye pasipoti yake alirudishwa. Waliopita walikuwa vijana wa ANC, ZAPU na SWAPO, wakija kwenye makambi kama Kongwa, au wakirudi kusini kupigana. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Nelson Mandela mwenyewe, Januari 1962, alishushwa na ndege ndogo Mbeya akiwa hana pasipoti, na ni Tanganyika iliyompa hati ya kumtambulisha ili aendelee na safari yake ya Afrika. Mwananchi wa Afrika Kusini akasafiri kwa karatasi yetu kwa sababu kwao walimnyima!

Ukafika uchaguzi wa Aprili 1994. Mlango ukafunguka, na wastaafu wakaanza kuja.

Kule Ulaya pia lilikuwa limezuka kundi hilo. Anayejulikana zaidi ni Mjerumani Gunther Holtorf, aliyeacha kazi ya mashirika ya ndege mwishoni mwa miaka ya 1980, akaanzia safari zake Afrika. Yeye na mwenzake Christine walilala ndani ya Mercedes waliyoiita Otto. Christine alifariki 2010, mzee akaendelea hadi 2014. Karibu kilomita laki tisa! Gari sasa limewekwa makumbusho Stuttgart.

Mstaafu wetu je? Mwalimu wa Mbozi akifikisha miaka 60 hesabu yake ni nyingine. Kiinua mgongo ni cha kumalizia nyumba, ada ya mtoto wa mwisho, labda shamba la kahawa. Safari yake ndefu ni basi la kwenda Dar kumwona mwanawe. Na hicho kiinua mgongo chenyewe tumekigombania: kikotoo cha asilimia 25 kilichositishwa Desemba 2018, kikaja cha 33 mwaka 2022, kisha bajeti ya 2024 ikakipandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Sisemi mwalimu anatamani hema juu ya paa. Mimi mwenyewe sina hakika ningelitaka. Lakini kuchagua kutokwenda ni tofauti na kushindwa.

Tangu Oktoba 2019, marais Magufuli na Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, mgeni anagongewa mihuri ya nchi mbili mahali pamoja. Malori bado yanapanga foleni, na dereva wa lori bado analala kwenye kibanda chake nyuma ya usukani, sufuria na jiko pembeni. Hilo ndilo gari la kulala la zamani kuliko yote katika barabara hii. Walioendesha mapipa ya mwaka 1966 wakiwa na miaka ishirini sasa wanagonga themanini. Kama baba au babu yako alikuwemo, muulize usiku alikuwa analala wapi, na alikuwa anakula nini.